Shikamoo, Mjukuu Wangu

Siku hizi shikamoo hufuata darasa, si umri. Mimi elimu yangu niliiokota njiani: la pili Korogwe, la tatu Mpwapwa, basi. Kwa hiyo mjukuu wangu Mwanaidi, mwenye miaka minane lakini tayari yuko kidato cha kwanza, akirudi kutoka shule ya wenye vipaji, mimi ndiye ninayesimama.

"Shikamoo, Mwanaidi."

"Marahaba, kijana. Hujambo?"

Mwanzoni tulikuwa tukicheka hadi tunakohoa. Jana hakucheka. Alikaa mkekani na viatu vyake, na kidani cha shule kikaanza kumsomea masomo ya ziada shingoni. Macho yalikuwa yakifumba kwa usingizi.

"Babu, nikataze," alininong'oneza. "Niambie nikalale."

"Mdogo hamkatazi mkubwa, mama. Shuleni wakisikia nimekukataza, watakuhamishia bweni."

"Basi mama aniambie."

"Mama yako kaishia la saba. Umeshampita."

"Sasa humu ndani nani anaweza kunikataza?"

Nilimvua viatu. "Labda wewe mwenyewe."

Alifikiri kidogo, kama wanavyomfundisha. Kisha akanyoosha mgongo, akajiambia kwa sauti ya mwalimu, "Mwanaidi, bado masomo mawili. Hakuna kulala."

Nami, mdogo wake, nikaenda kumchemshia chai.