Tumepokea

Tangu ipitishwe Sheria ya Uwazi, hakuna msaada wa kigeni uliokaa kimya. Bomba la kijiji lilitaja nchi iliyolileta kabla ya kutoa maji, na dawati la shule lilimtaja mfadhili kila mtoto alipokaa. Mpokeaji alitakiwa kujibu, "Tumepokea," watu wasikie. Asipojibu, tangazo lilirudiwa mpaka ajibu.

Mama yake Nakiete alikuwa na kifaa cha msaada kifuani, kilichosukuma moyo wake. Kila alfajiri kilisema kwa sauti laini, "Moyo huu unadunda kwa hisani ya nchi rafiki." Mama alijibu huku akipuliza moto, kama anayemjibu jirani mwenye maneno mengi.

Alipofariki walimzika nyumbani, nyuma ya jiko, kama ilivyo kwao Upare. Mganga wa zahanati alikuwa ameshawaeleza kwamba kifaa hakizimwi, maana kuzima ni kuficha.

Kesho yake alfajiri, ile sauti laini ikatoka udongoni. Ikarudia. Ikarudia tena.

"Nenda ukamjibie mama yako," mjomba alisema, macho yake yakiwa kwenye kikombe cha chai. "Msiba una wageni."

Nakiete akachuchumaa kando ya kaburi. "Tumepokea," akasema.

Sauti ikanyamaza. Katika ukimya ule akasikia minong'ono kutoka makaburini, migombani kwa jirani, na mingine ng'ambo ya bonde, neno ni lile lile. Tangu utotoni aliisikia kila alfajiri. Siku zote alidhani watu wanasali.