Wadhifa wa Mama

Nyumba za siku hizi hazimtambui mtu kwa sura. Zinamtambua kwa wadhifa. Jiko, kabati la dawa na chumba cha mtoto humfungukia mwenye wadhifa wa mama. Mgonjwa hufungukiwa na chumba chake, choo na baraza. Hakuna awezaye kujibadilishia wadhifa, na wa mama haurudi mpaka anayeushika aridhie.

Mwanaheri alipolazwa kwa homa ya mapafu, mumewe Bakari alimpa shemeji yake Sauda wadhifa huo, maana mtoto lazima ale. Sasa Mwanaheri amerudi. Kikohozi kimekwisha, lakini kwa nyumba yeye bado ni mgonjwa.

"Mdogo wangu, nirudishie basi," alisema.

"Nitakurudishia, dada. Pumzika kwanza, upate nguvu." Sauda alikuwa amempakata mtoto, Kombo, na kanga aliyojifunga ilikuwa ya Mwanaheri.

Bakari, alipoulizwa, alisema hakuna haraka. Mtoto ameshazoea.

Jioni Kombo alilia. Mwanaheri aliusukuma mlango wa jiko kwa bega, haukutikisika. Ndani alisikia mwiko ukikoroga uji, na Sauda akiimba wimbo wa kubembeleza ambao Mwanaheri ndiye aliyemfundisha. Mtoto akanyamaza.

Mwanaheri akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwake. Akapiga hodi.

"Karibu, dada," Sauda aliitikia kutoka ndani. "Kaa tu hapo barazani, nakuletea chai."