Ukuta wa Nasra

Sheria ni hii: ukimshtaki mwenye nyumba kwa sababu ya kuvu, usiuguse ukuta mpaka siku ya kesi. Jicho la mahakama, dogo kama kifungo, limebandikwa juu ya kitanda cha Nasra wangu, linatuchunga. Siku themanini na tisa nimemsikiliza mwanangu akikohoa, matambara nimeyaficha nisije nikajisahau. Kesi ni kesho.

Narudi kutoka dukani, napokewa na harufu ya chokaa. Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Muheza, kashika brashi.

"Watu wanakuja kutusomea dua ya kesi, mwanangu. Wangekaa kwenye uchafu ule?"

Jicho limegeuka kijani. Linasema kwa upole, "Ukuta ni safi. Shauri limefutwa."

"Umeona?" anasema mama. "Hata lenyewe limefurahi."

Nasra anakohoa.