Dhahabu Aliyoiuma Thresiamma

Picha ya arobaini na moja katika albamu ya harusi ilimwonyesha Thresiamma, mama wa bwana harusi, akiwa ameuma bangili mkononi mwa bibi harusi.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, hapa unafanya nini?"

"Ninambusu mkwe wangu mkono, Mheshimiwa."

"Kwa magego?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Thresiamma alivuta upindo wa sari yake na kumtupia jicho kali Jisha, mkwe wake, aliyekaa upande wa pili amejitanda shali pana kama mtawa. Ajabu ya mtoto mpole! Mwaka na miezi miwili tangu arudi kwa baba yake, na sasa amewashtaki mume na mama mkwe kwa mpigo, anadai dhahabu yake ya harusi, pavani arobaini kamili, kila pavani gramu nane.

Dhahabu ilikuwepo. Ilikaa ndani ya sanduku la chuma, chini ya kitanda cha Thresiamma, tangu siku ile ile ya harusi, alipomvua bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe ili "amtunzie." Lijo, mwanawe wa pekee, aliwahi kumwomba mara moja amrudishie mkewe vitu vyake. Thresiamma alijifunga kitambaa kichwani, akalala siku tisa, akaagiza padri aje ampake mafuta ya wagonjwa. Lijo hakuuliza tena.

Sasa Thresiamma aliapa moyoni kwamba hakitatoka hata kipini. Wakili wao, Kuruvila, alikuwa amewafundisha jibu moja tu: dhahabu ile ilikuwa ya bandia. Picha haina ulimi wa kusema hii dhahabu, hii shaba.

Kilichomkera ni ile albamu. Aliifungia kabatini kwake, na ufunguo anao. Imefikaje kwa wakili wa Jisha?

"Labda mpiga picha alibaki na nakala, Mama," Lijo alimnong'oneza.

Maskini mwanawe. Tangu mke aondoke hakulala tena nyumbani. Alihamia kwenye kibanda cha shamba la mpira, akaomboleza ndoa yake peke yake. Huzuni ilikuwa imemnenepesha mashavu.

Zamu ya Lijo ikafika. Alipanda kizimbani kifua mbele.

"Dhahabu ilikuwa ya bandia?" aliuliza wakili wa Jisha.

"Bandia tupu!" Lijo alinguruma. Thresiamma akaitikia kwa kichwa, amejaa fahari.

"Ulijuaje?"

"Mama alimficha sonara jikoni siku ya harusi. Akawa anampelekea kipande kimoja kimoja, sonara anasugua kwenye jiwe lake."

"Na sonara akasemaje?"

"Akasema tangu azaliwe hajaona dhahabu safi kama hii."

Kuruvila aliweka paji la uso juu ya meza. "Mama Thresiamma," alinong'ona, "huyu kijana ulimlea kwa chakula gani?"

"Fenesi," Thresiamma akajibu bila kufikiri.

"Basi iko wapi?" wakili wa Jisha akaendelea.

"Haipo popote!" Lijo aling'aka. "Na hata ingekuwepo, haiwezi kuwa chini ya kitanda cha mama yangu. Pale pana sanduku la chuma, na sanduku lenyewe limejaa."

"Limejaa nini?"

Lijo alifikiri sana, uso umemkunjamana kama mtoto aliyesahau sala. "Mimi sijui. Ninachojua, kila Jumapili tukitoka misa Mama hujifungia chumbani, akahesabu mpaka arobaini."

Mabenchi yalilipuka. Jaji aligonga meza mpaka kalamu zikadondoka. "Ijumaa sanduku lije hapa kama lilivyo. Lisipokuja, polisi watalifuata."

Njia nzima ya kurudi, Thresiamma hakumkaripia mwanawe. Utamkaripiaje mtu ambaye Mungu mwenyewe alimnyima kidogo? Alimpigapiga goti tu. "Usijali, baba. Nitakutafutia mke mwingine. Mwenye hamsini."

Ijumaa, wanaume wawili walilishusha sanduku mbele ya jaji, jasho likiwatiririka. Sonara wa mahakama alipima kipande baada ya kipande. Arobaini, hazikupungua. Bangili moja ilikuwa na alama za meno, ila hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Jaji alimgeukia Jisha. "Binti, kabla hujachukua chako. Hakuna njia ya kupatana na mumeo?"

"Mheshimiwa, sitaki kuona hata kivuli chake. Mwaka na miezi miwili sijasemezana naye neno moja."

"Na mimi nikisikia jina lake tu, homa inanipanda!" Lijo akadakia.

Thresiamma alimeza mate machungu. Ameshindwa, sawa, lakini mtu aliyeshindwa bado ana haki ya kufurahi kidogo. Wakili wa Jisha alipotaka kuhamishia dhahabu kwenye mfuko mwepesi, Thresiamma alisimama akazuia.

"Jaji alisema lije kama lilivyo, basi na liondoke kama lilivyo. Haya, mwanamwali, jibebee. Hapa hakuna kuli wako."

Akakunja mikono, akakaa tayari kutazama. Jisha aliinama polepole, akayashika masikio ya sanduku, akavuta pumzi.

Lijo aliruka benchi, akamwangusha Kuruvila na makaratasi yake yote. "Liache, Jisha, liache!" alipiga kelele. "Juzi daktari alituambia nini? Mimba ya miezi mitano, usinyanyue kitu kizito!"