Umeme Unaorusha

Saa 6:12 mchana, Delbert, fundi mzee wa umeme, alizima swichi kuu ya nyumba moja mjini Tucson, akapanda paani nilikokuwa nikifunga paneli za sola.

“Mzee, nyaya hizi za paneli zina volti mia sita,” nilimwambia. “Swichi haizimi jua. Usifungue kamba ya usalama.”

“Binti, umeme wa nguzo ndio wa kuogopa. Ule hukamata mkono usiachie. Huu wenu hukusukuma tu, kama mama mkwe.”

Akafungua kamba kiunoni, akapiga goti kwenye fremu ya chuma. Akagusa waya uliochubuka kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wa zamani wanavyopima.

Ngozi ilibaki kwenye waya, ikifuka moshi. Mwili ulirushwa nyuma hatua mbili. Paa lilikuwa limebaki hatua moja.

Saa 6:14 kichwa chake kiligonga saruji ya uani.