Hodi ya Chumvi

Mkutano wa mtaa ulikuwa umepamba moto. Kiwanda kilitaka kujenga kota za wafanyakazi nyuma ya kanisa, na Mzee Lugendo, mwenye duka la vitambaa, alisimama kupinga.

"Watu wa kota nawajua," alisema. "Hata chumvi wanaombana."

Watu wakacheka. Bi Perpetua naye alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkwama. Aliikumbuka kota alikozaliwa, kuta zake zisizofika kwenye paa. Chumvi ikiisha, mama yake aligonga ukuta kwa mwiko: ko-ko, ko. Jirani akijibu ko, basi anayo, na kibakuli kilipitishwa juu ya ukuta kikarudi na chumvi, siku nyingine na kipande cha samaki. Hakuna aliyeliita jambo hilo kuomba.

"Wanaopinga wanyooshe mikono," mwenyekiti alisema.

Mikono ikapanda. Wa Bi Perpetua ulibaki kwenye benchi, na vidole vyake, bila kumwuliza, vikagonga ubao: ko-ko, ko.

Mzee Lugendo, mkono mmoja ukiwa juu, akajibu kwa fimbo sakafuni kabla hajajizuia: ko.

Wakatazamana. Mkono wa mzee ulibaki hewani, kama wa mtu anayepokea kibakuli kutoka juu ya ukuta.