Kiu ya Bi Tumbusi

Huko Bara Hindi, enzi za Mfalme Tembo, Bi Tumbusi ndiye aliyesafisha msitu kwa kula mizoga. Kwa kazi hiyohiyo akaitwa najisi, akawa anakunywa maji upande wa chini wa mto, baada ya wote.

Siku moja Yangeyange, ndege mweupe, akamletea dini mpya. "Kwetu sote ni ndugu," alisema. Bi Tumbusi akaamini kwa moyo wote, akazamishwa mtoni, akaibuka anacheka. Kesho yake akapanda hadi upande wa juu wa mto kunywa na nduguze.

"Dada yangu," Yangeyange akamnong'oneza, "mbele ya Mungu sote tu sawa. Lakini hapa tuko mbele ya Mfalme."

"Haidhuru," akasema Bi Tumbusi. "Ila mimi nimeshatakasika. Mzoga siugusi tena."

Wiki haikuisha, nyati akafia barazani kwa Mfalme. Kwa uvundo ule, Mfalme akamwendea mwenyewe. "Bi Tumbusi, tusaidie."

"Kwa furaha, Mtukufu. Ila nina kiu."

Mfalme akakohoa, akamwongoza hadi upande wa juu wa mto, akampa nafasi ubavuni pake. Yangeyange naye akasogea, macho chini. Wakanywa.

Na maji, wasema waliokuwapo, hayakubadilika ladha.